Tundu la Mtwa Kalinga

Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi. Sura yake siijui hata leo, na mtu akiniuliza ana pua ya namna gani nitamwambia akaitazame ya mume wangu, maana wanasema wamefanana. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, haingii chumba alichomo, wala hataji jina lake. Kwa hiyo katika habari hii nitamwita Mzee, basi, na anayetaka jina akamwulize mwingine.

Wamisheni walitufundisha kwamba hayo ni mambo ya giza. Tuliwasikiliza kwa heshima. Kanisani wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, wote tukatazama mbele tukaimba, na kila mtu akaridhika. Tukishatoka nje, nikisikia kile kikohozi kinakuja njiani, najitosa kwenye migomba na kukipa mgongo mpaka kipite. Kazi hiyo niliifanya tangu niolewe, na nguo zangu nyingi ziliharibika kwa utomvu.

Ubaya wake ni pale unapokuwa na neno la kumwambia. Mama mkwe, Esta, alifariki kabla sijaolewa. Mume wangu Asukile alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na nyumbani Ilomba tulimwona kwa nadra. Aliyebaki kati yangu na Mzee ni Jailos, mdogo wake Asukile. Huyo ndiye alikuwa posta yetu. Mimi nikitaka mbegu namwambia Jailos, Mzee akitaka ndizi zipikwe kwa maziwa anamwambia Jailos. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye meno mazuri, na kwa muda mrefu sikuona kasoro katika posta hiyo.

Mwaka wa hamsini na sita nikapata neno kubwa la kusema. Shule ya wakunga ya misheni, kule Iringa, ilikubali kunipokea. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita, na tangu utotoni nilitamani kazi ile kuliko kitu chochote. Asukile alikuja toka Chunya, akasikiliza, akasema yeye hana neno, ila Mzee ndiye mwenye nyumba na Mzee aseme. Akarudi kwenye vumbi lake. Nikamtuma Jailos. Jailos akarudi akitazama chini, akasema Mzee amekataa.

Nilingoja mavuno yapite nikamtuma tena. Mzee akakataa tena. Basi nikawa nampikia kwa hasira, natia chumvi kwa hasira, nafunika vyungu kwa kishindo ili asikie huko aliko. Sahani zilirudi tupu, jambo lililoniudhi zaidi.

Mambo yalikuwa hivyo hapo Jailos alipotutangazia mchumba wake wa siku nyingi. Binti mwenyewe aliitwa Benedicta, Mhehe wa Mlandege, Iringa, mrefu, mpole, na Jailos alikuwa haambiliki juu yake. Ukoo ukafunga safari kwenda harusini. Ndani ya basi Mzee alikaa mbele karibu na dereva, mimi nyuma kabisa na shuka kichwani, na kati yetu alikaa shangazi Marta, dada yake Mzee, ambaye peke yake aliweza kuziba basi zima. Nilimshukuru Mungu kwa unene wake.

Tulipofika, mimi nikapita kimyakimya kwenye shule ya wakunga. Sista mkuu akaniambia bila kuzunguka kwamba nafasi yangu ataishika mpaka kesho jioni. Baada ya hapo anampa msichana mwingine, naye msichana huyo yuko mlangoni na sanduku lake. Asubuhi yake, kesho ikiwa harusi, nikamvuta Jailos nyuma ya nyumba.

"Shemeji, nenda mara moja tu," nikamwambia. "Mwambie Mzee leo ndiyo mwisho. Mwambie naomba kwa magoti."

Akaenda. Akarudi upesi mno.

"Mzee anasema hapana, Atuganile. Anasema siku ya furaha asisumbuliwe na maneno ya zamani."

Sikulia. Mimi nikikasirika sana huwa silii, natafuta kitu cha kufua. Lakini hata nguo za kufua hazikuwapo, maana wenyeji wetu walikuwa wametupangia matembezi.

Mjomba wa bibi harusi, Crispin, alikuwa mlinzi wa makumbusho. Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya zamani ya Mtwa Kalinga, mtawala wa sehemu zile enzi za babu zao, na Crispin alikuwa wa ukoo huohuo. Warithi walipohamia kwenye nyumba ya bati, yeye alikataa tembe lile la udongo libomolewe. Akakusanya mali ya Mtwa, akaipanga vyumbani, akavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu, akawa anawapitisha watu. Kuwaleta wakwe kutoka Mbeya bila kuwaonyesha nyumba ile kwake ilikuwa sawa na kuwalaza njaa.

"Kamwene," akatusalimia mlangoni, baridi ya Iringa ikimtoa moshi mdomoni. "Karibuni kwa Mtwa. Nyumba ina vyumba vidogo, kwa hiyo tusibanane. Akina baba waanze mkono wa kulia, wataona silaha. Akina mama waanze kushoto, wataona majiko. Sisi Wahehe na sisi tuna adabu ya wakwe."

Nikamwona ni mtu wa maana sana. Mzee na Jailos wakaenda kulia, mimi nikaingia kushoto na shangazi Marta pamoja na mama wa bibi harusi, Apolonia. Ambalo sikulifikiri, wala Crispin hakulifikiri, ni kwamba tembe la Wahehe huzunguka ua. Vyumba vimefuatana, kila kimoja kinafungukia kingine, na ukianza kulia na mwenzako akianza kushoto, mtakutana tu.

Upande wetu ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Kulikuwa na mawe ya kusagia yaliyolika katikati kwa mikono ya wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao. Kulikuwa na mbeta, vikombe vya mianzi vya kunywea pombe ya ulanzi, na vyungu vikubwa vya kutosha mtu kuoga. Kulikuwa na mwavuli ambao Mtwa alipewa na Mjerumani mmoja, umebaki mbavu tupu, na kikaratasi chini yake kikisema usifunguliwe. Shangazi Marta alijaribu kuufungua.

Apolonia alianza kumweleza Marta jinsi wake wa Mtwa walivyogawana zamu za kupika, Marta naye akataka kujua kila mmoja alipika nini. Mimi sikuwa na moyo wa kusikiliza habari za mapishi. Niliona mawe yale ya kusagia na nikajiona mwenyewe nimeinama juu yake mpaka uzee. Nikawaacha, nikaenda mbele peke yangu, chumba baada ya chumba, nikiwa nimefura.

Nikafika baraza kubwa. Ilikuwa na kiti cha miguu mitatu pembeni, na katikati ukuta mnene wa udongo uliokata chumba. Kwenye ukuta huo, usawa wa mdomo wa mtu aliyesimama, palikuwa na tundu kubwa kama kiganja. Nilikuwa nasogea nilitazame ndipo nikakisikia kile kikohozi. Hakikuwa mbali. Kilikuwa nyuma ya mlango wa upande wa wanaume, na mlango unafunguka.

Nikageuka nikimbilie nilikotoka. Shangazi Marta alikuwa ameshaingia mlangoni, na mlango ule ulijengwa kwa watu wembamba. Alikuwa amesimama hapo anahema, nusu baraza, nusu chumba cha nyuma, akicheka na Apolonia aliyekuwa mgongoni mwake. Hakukuwa na pa kupita hata kwa paka. Nikaona uwazi mdogo mwisho wa ule ukuta wa katikati, nikajitosa kama ninavyojitosa kwenye migomba.

Nilijikuta kwenye kijumba chembamba chenye giza, benchi moja la udongo, hakina mlango mwingine. Nikaketi kwenye benchi, nikajifunika shuka kichwani. Juu ya kichwa changu tundu lilikuwa linaingiza mwanga wa barazani. Nikaupa mgongo.

"Hapa ndipo penyewe," sauti ya Crispin ikasema upande wa pili. "Mtwa Kalinga alikuwa na shida moja. Uso wake ulikuwa wa kucheka. Mtu analeta kesi ya ng'ombe aliyekufa, Mtwa anacheka. Mjane analia, Mtwa anacheka, na moyoni anamhurumia. Watu wakaanza kuona uchungu. Basi akajenga huu ukuta, akawa anakaa ndani, watu wanasema kesi kwenye tundu. Toka siku hiyo hakuna aliyemwona akisikiliza, na wote walisema hukumu zake ni za haki."

Kikohozi kikacheka. Sikuwahi kukisikia kikicheka karibu vile.

"Huyo alikuwa na akili," akasema Mzee. "Na mtu akisema hapa, kule anasikia vizuri?"

"Jaribu mwenyewe, Mzee. Sema chochote."

"Kaka, peleka kesi," akasema shangazi Marta, ambaye alikuwa ameniona nikijitosa, nikajua kwa sauti yake kwamba anajizuia kucheka. "Mtwa yumo."

Nikasikia fimbo ya Mzee inasogea mpaka ukutani. Nikajikunja kwenye benchi nikawa mdogo nilivyoweza. Sauti yake ikaingia tunduni, ikapita juu ya kichwa changu, kubwa na ya mzaha, ikianza na ndaga, neno letu la kushukuru.

"Mtwa, ndaga. Mimi ni mgeni, nimetoka Ilomba, Mbeya. Kesi yangu ni hii. Nina mkamwana, mke wa mwanangu mkubwa. Ni mtu wa kazi, anapika vizuri, siku hizi anazidisha chumvi lakini mimi nakula." Hapo ule mzaha ukapungua sautini. "Wamisheni walimwita asome ukunga hukuhuku kwako Iringa. Mimi nikafurahi sana, Mtwa. Nikatuma neno aende. Naambiwa hataki. Nikatuma tena, naambiwa hataki, anaogopa damu. Leo asubuhi nikatuma mara ya mwisho, naambiwa nisimsumbue. Sasa mimi sina la kufanya. Simwoni, siwezi kumwuliza. Mama yao Esta alikufa mikononi mwangu, na mtoto tumboni, na mimi sijui nishike wapi. Nilitaka nyumba yangu iwe na mtu anayejua ashike wapi. Ndiyo kesi yangu."

Mimi kule ndani nikanyooka kwenye benchi. Mimi naogopa damu? Mimi niliyechinja kuku, nikazalisha mbuzi, nikamvuta ndama aliyekaa vibaya tumboni mwa mama yake? Hasira yangu yote ya mwaka mzima ikapoteza pa kukaa. Ikazunguka humo kijumbani ikitafuta mtu, ikampata.

Sikuwa na ruhusa ya kumwambia Mzee neno. Lakini Mtwa si baba mkwe wangu.

"Mtwa," nikasema, nikitazama ukuta wa nyuma. "Na mimi nina kesi."

Nikasikia kitu kinaanguka. Baadaye niliambiwa ni Crispin, aliyekuwa amekalia kile kiti cha miguu mitatu ambacho yeye mwenyewe aliandika kisikaliwe.

"Mtwa, mwambie huyo mzee wa Ilomba kwamba mkamwana wake haogopi damu. Mwambie aliomba kwenda, akaambiwa Mzee amekataa. Akaomba tena, akaambiwa amekataa tena. Leo asubuhi ameomba kwa magoti, akaambiwa asilete maneno ya zamani. Mwambie Sista anangoja mpaka jioni. Na mwambie ile chumvi asamehe."

Fimbo ya Mzee ikagonga sakafu, na nikasikia miguu yake inageuka. Alikuwa amelipa tundu mgongo. Tulikuwa tumepeana migongo, yeye huku na mimi huku, ukuta wa Mtwa Kalinga katikati, na adabu haikuvunjika hata kidogo.

"Mtwa," akasema polepole, "mwulize huyo mkamwana maneno hayo alipewa na nani."

"Mtwa, mwambie alipewa na mtu yule yule aliyepeleka ya kwake."

"Jailos," akasema Mzee. "Njoo hapa mbele ya Mtwa."

Wote wanasema nilikosa kitu kikubwa kwa kutomwona Jailos saa ile. Shangazi Marta anasema alikuwa amesogea mpaka mlango wa silaha, ila mlangoni alikuwa amesimama mkwe wake Apolonia, ambaye alikuwa amezunguka kupitia uani ili aone vizuri. Jailos akaja. Nikasikia sauti yake iko chini kabisa.

"Mtwa," akasema, maana naye hakujua amwambie nani, "mimi sikutaka ubaya. Nilipoanza kumwambia Benedicta habari za harusi, yeye alisema anaogopa kwenda Mbeya, hajui kupika ndizi, hajui Kinyakyusa, atakuwa peke yake. Nikamwambia usiogope, kuna shemeji Atuganile, atakufundisha yote. Sasa shemeji akienda shule, Benedicta ataniacha. Nikasema kwanza nioe. Halafu neno likawa limeshatoka, sikujua nalirudisha vipi."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Yalikuwa mengi na mazuri. Lakini kijana alikuwa amefanya yote kwa kumpenda mtu, na mimi nikakumbuka siku yangu ya kwanza Ilomba, nilivyolilia kwetu huku nachochea moto. Nikajikuta nacheka. Nilibana shuka mdomoni nisisikike, kisha nikaelewa kwa nini Mtwa Kalinga alijenga ukuta.

"Wewe Jailos," akasema Apolonia toka mlangoni, "binti yangu ana mikono. Ndizi atajifunza hata kwa jirani. Ungesema tu."

Mzee alikohoa muda mrefu. "Ndugu Crispin, mtu mwongo Mtwa alikuwa anamhukumu nini?"

Crispin alikuwa ameshainuka na kujipangusa, akarudisha sauti yake ya kazini. "Alimpa kazi ya udongo, Mzee. Anakanda, anakandika ukuta mpaka Mtwa aridhike. Nusu ya nyumba hii imekandikwa na waongo."

"Basi, hukumu imetoka," akasema Mzee. "Udongo upo hata Ilomba. Mtwa, mwambie binti aende. Aende sasa hivi, asingoje chakula. Sisi tutatoka kwanza na hatutageuka nyuma."

Nikasikia miguu yote inaondoka, fimbo, na kikohozi kikiwa cha mwisho. Nikatoka kijumbani, nikampita shangazi Marta ambaye machozi ya kicheko yalikuwa yanamtiririka, nikaruka kizingiti cha Mtwa na kuteremka kilima mbio, shuka mkononi. Sista mkuu alinikuta uani kwake nikihema, na msichana wa sanduku akanitazama kwa chuki niliyoistahili.

Harusi ya Jailos ilifungwa kesho yake. Nilicheza mpaka kanga ikafunguka, na Benedicta alikwenda Mbeya bila kulia sana.

Nilipomaliza masomo nikarudi Ilomba na cheti na mkoba wa ngozi. Benedicta alinipokea na tumbo kubwa, akinisalimia kwa Kinyakyusa kilichonyooka kuliko changu. Ndizi alizopika zilinifanya nione wivu kidogo. Kisha akanishika mkono akanipeleka jikoni, akanionyesha ukuta ule unaopakana na baraza ya Mzee. Palikuwa na tundu, kubwa kama kiganja, kingo zake zimekandikwa na kusuguliwa mpaka zinang'aa.

"Jailos alilirudia mara nyingi," akasema. "Mzee alikuwa anasema bado, Mtwa hajaridhika."

Toka siku ile Jailos hakubeba tena neno la mtu. Asubuhi nikiwa jikoni, kikohozi kinakuja upande wa pili, mgongo unageuka, nami nageuza wangu. "Mtwa, mwulize mkunga kama mvua ya jana iliharibu mahindi." "Mtwa, mwambie Mzee yako salama." Mtwa Kalinga, Mungu amrehemu, hakujua kwamba amehamia Mbeya.

Wakati wa Benedicta ulifika kunapambazuka, na haukuwa mwepesi. Mtoto alikuja amekaa vibaya. Upande wa pili wa ukuta nilisikia fimbo ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, na nilijua Mzee anamfikiri nani. Lakini mimi nilijua nishike wapi. Jua lilipokwisha kutoka, nilimfuta mtoto, nikamfunga, nikampa mama yake, nikaenda kwenye tundu na mikono bado ina maji. Nikageuza mgongo.

"Mtwa," nikasema, "mwambie Mzee mtoto ni mzima, wa kike. Na mama yake mzima. Wote wawili."

Fimbo ilikuwa imesimama. Nilingoja, nikasikia analia kwa sauti bila kuficha, na mimi nikalia upande wangu.

"Mtwa, mwambie huyo mtoto anaitwa Esta," akasema hatimaye. Akavuta pumzi, akakohoa kile kikohozi chake, na neno lililofuata hakumpa Mtwa alipeleke.

"Ndaga, mwanangu," akasema.